Mchezo wa Ijumaa Uliokuwa Ukikwama

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini aliyenipandisha mori mwaka ule hakuwa mtu. Ilikuwa ni kompyuta yangu ya mezani, hapa nyumbani Shella, tena kila Ijumaa baada ya Alasiri.

Ijumaa ndiyo siku ya mdogo wangu. Yuko Uarabuni, analinda maghala, na wiki nzima ana saa moja tu ya kujipumzisha. Kwenye simu mimi na yeye hatuwezani. Tukishasalimiana na kuulizana hali ya mama, ambaye anaishi kwangu, tunabaki kuhema. Lakini tukicheza mpira wa kompyuta, kila mtu na mashine yake na maikrofoni zi wazi, hapo ndipo tunapokuwa ndugu. Tunatukanana, tunacheka, tunagombania penalti.

Basi mchezo ukaanza kukwama. Mshambuliaji wangu anakimbia, ghafla anasimama na mguu juu kama kuku aliyekanyaga tope. Sauti nazo, yake kwangu na yangu kwake, zikawa zinakatikakatika. Akadhani nafanya kusudi.

"Kaka, kila nikitaka kukufunga mashine yako inaganda. Kama umechoka kucheza nami, sema."

"Nikuogope wewe? Wewe niliyekufunga kamba za viatu?"

Akacheka, lakini cheko la adabu tu. Ijumaa ya tatu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba ikiganda tena wiki ijayo, saa yake hiyo atakuwa anacheza na mwenzake wa chumbani. Nikajua nikiipoteza Ijumaa nimempoteza na yeye. Tutabaki watu wa kutumiana salamu za Idi.

Nikaingia vitani. Nikapunguza ubora wa picha mpaka wachezaji wakakosa nyuso. Nikafuta programu nisizozijua, na mbili nilizokuwa nazihitaji. Nikabadilisha waya wa intaneti. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikakuta mjusi mkavu, nikapiga kelele kwamba mchawi kapatikana. Wapi! Ilikwama vilevile.

Nikamwita fundi, yuleyule aliyekuja mwezi uliotangulia nilipolalamika kwamba mashine inachemka. Akafungua sehemu inayoonyesha kazi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Prosesa yangu ina kori nane, na fundi akanieleza nizihesabu kama vibarua wanane wanaogawana mzigo. Pale kwenye kioo alionekana kibarua mmoja tu, amebeba kila kitu peke yake.

"Hao saba wako wapi?"

Fundi akatazama dari. "Niliwalaza mimi."

"Uliwalaza?"

"Kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta. Usinikasirikie, ndugu yangu. Ilikuwa inachemka kwa ajili ya hicho."

Akaelekeza kidevu kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kilichofunika kasha zima pamoja na matundu yake ya kupumulia. Kilikuwa zawadi ya mama mkwe wangu.

"Mimi nikuambie uondoe kitambaa cha mkweo?" akasema fundi. "Akija asikikute, nani atasemwa? Nikaona bora kompyuta ifanye kazi kidogo, isichemke, na watu wabaki wanapatana."

Nilitaka kumrushia kibodi. Ubaya ni kwamba alikuwa amesema kweli. Mwaka mzima, kila mama mkwe alipotutembelea, macho yake yalitua kwanza kwenye kile kitambaa, nami nilikuwa nakinyoosha vizuri ili aone tunavyokitunza.

Alhamisi nikaenda kwake Mambrui, halua mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikauliza hali ya mbuzi, ya minazi, ya majirani wa kulia na wa kushoto. Mwisho nikajikaza. "Mama, kile kitambaa ulichotuletea…"

"Ee, hicho!" akadakia, akaweka kikombe chini. "Nimenyamaza mwaka mzima mimi. Kile nilikifuma cha kufunikia sinia la chakula. Kila nikija nakikuta kimevishwa kompyuta, nasema moyoni, lo, huyu mkwe wangu ana mambo! Lakini nitamkosoaje mume wa mwanangu?"

Wallahi nilicheka mpaka nikapaliwa na halua. Mimi namstahi yeye, yeye ananistahi mimi, fundi anatustahi sote wawili, na anayeumia ni mdogo wangu huko Uarabuni.

Ijumaa asubuhi fundi akawaamsha vibarua wake wote, na kitambaa kikaenda jikoni kwenye sinia. Alasiri mpira ukawa unateleza. Mdogo wangu alinifunga mabao matano kabla ya mapumziko, na kisingizio sikuwa nacho tena. Sijapata kufurahia kipigo namna ile.

Kipindi cha pili wachezaji wake wakasimama ghafla.

"Imekwama tena?"

"Haijakwama. Nyamaza kidogo, kaka."

Uani mama yetu alikuwa anawafukuza kunguru kwenye samaki aliowaanika, anawatukana mmoja mmoja.

"Si mama yule?"

"Ndiye."

"Wiki zote hizi nilikuwa simsikii."

Nikausogeza mpira polepole mpaka langoni kwake. Kipa alisimama tu, mikono chini.

"Nafunga," nikamwonya.

"Funga," akasema, na nikasikia anavuta kamasi. "Maikrofoni tu usizime."