Koo la Fundi wa Makochi

Mume wangu ni fundi wa makochi. Ukiolewa na fundi wa makochi ujue nyumbani kwako hakutakuwa na pa kukaa. Makochi mazima ni ya wateja, na yale ya kwenu yanangoja zamu isiyofika. Mgeni akija kwetu anazama mpaka magoti yanamgonga kidevu. Nimelisema hilo mpaka nimechoka. Yeye hucheka tu, misumari midogo imemjaa mdomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuigonga.

Jumuiya yetu ya sala ilianzia kwenye makochi hayo hayo mabovu, ndani ya karakana yake. Tulikuwa majirani wachache wa kanisa moja. Tukakubaliana kukutana kila Jumamosi jioni, wiki hii kwangu, wiki ijayo kwako, tusali, tusome Neno, tujue nani anaumwa na nani amefiwa. Watu wakaongezeka, Fundi wakamfanya mwenyekiti, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari ya mwenyekiti mwingine.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kung'ang'ania kiti, hilo nalisema mbele ya yeyote. Alikuwa akiwasukuma watu waongoze. Leo wewe fungua sala, wewe soma, wewe panga nani aende hospitali kumtazama mgonjwa. Wengine walikuwa wakijificha nyuma ya mlango akianza kugawa zamu. Mmoja aliwahi kujitia usingizi, jamani, mtu mzima na ndevu zake! Fundi alimngoja aamke, akampa zamu.

Sasa hii miaka miwili ya mwisho sauti yake ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la sponji. Alikuwa anakohoa mara mbili, anaweka kiganja kifuani, halafu anaanza kusali kwa sauti nzito iliyopasuka, kama inatoka chini ya sakafu. Watu wakaipenda! Mama Sabuni, jirani yetu anayetengeneza sabuni ya maji, alikuwa akisema Fundi akisali hivyo yeye mwili wote unamsisimka. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye na kusikia anavyohangaika na pumzi, nikawa namwambia nenda hospitali, baba. Na yeye kunipiga chenga kila wiki. Kochi la fulani halijaisha, kitambaa cha fulani hakijafika.

Alipokubali kwenda, uvimbe ulikuwa umeshakaa pabaya. Daktari, mama mmoja mpole, alituambia wazi. Ili abaki hai, kisanduku cha sauti lazima kitolewe. Atapumua kwa tundu hapa shingoni.

"Na kuongea?" nikauliza.

"Hapana, mama."

"Hata kunong'ona?"

Akatikisa kichwa. Fundi aliuliza kitu kimoja tu, ni lini. Akaambiwa mwisho wa mwezi. Tulipotoka pale, yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka nyumbani.

Padri alikuja kutupa pole, akazama kwenye kochi kama wengine. Alikaa, akanywa chai, kisha akasema lile lililomleta. Jumuiya ikikosa mtu wa kuisimamia ataiunganisha na ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Upasuaji ukishapita atakuja Jumamosi moja kututazama mwenyewe, ndipo aamue. Hakusema kwa ubaya. Lakini tunao bibi zetu wawili wanaotembea na fimbo, na barabara kuu ile hata mimi naivuka roho mkononi. Kutuunganisha maana yake ni kuwaambia wale bibi kwaherini. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na usiku ule hakugusa chakula.

Mtu aliyemtegemea alikuwa Mwalimu, kijana anayefundisha watoto wadogo shule ya jirani. Ana moyo mzuri, ana subira, anakumbuka shida za watu. Fundi alikuwa akimwandaa muda mrefu. Basi Jumamosi iliyofuata akampa aongoze sala yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu akasimama. Akakohoa mara mbili. Akaweka kiganja kifuani. Halafu akaanza kusali kwa sauti inayokwaruza.

Mara zote nilikuwa nimewasikia wakisali hivyo na sikuwahi kutilia maanani. Siku ile nywele zilinisimama. Huyu kijana ana sauti nyembamba safi, ukipita dirishani kwa darasa lake unamsikia akiimba na watoto. Pale alikuwa analikamua koo mpaka mishipa imemtoka. Aliyesoma Neno naye akakohoa kwanza. Mama Sabuni, ambaye akiita mteja anasikika mtaa wa tatu, alipofika kwenye maombi ya wagonjwa akakwaruza na yeye. Jumuiya nzima ilikuwa kama imeshikwa na mafua.

Fundi akainuka taratibu akatoka nje. Nikamfuata. Nilimkuta ameshika ukuta, na nilidhani pumzi imembana.

"Umewasikia, mke wangu?" akaniambia. "Wanasali kwa ugonjwa wangu."

Nikamshika kiuno, nikamwegemeza kwangu.

"Nimehangaika nao miaka yote hii, nikidhani nalea viongozi. Kumbe nimewaambukiza kikohozi." Akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka. Nikamfuta kwa kanga yangu tukiwa pale pale nje, na ndani wanaendelea kukwaruza.

Jumatatu akamwita Mwalimu karakanani. Mimi nilikuwa nakata sponji, kwa hiyo nilisikia yote. Akamwambia ukweli wa koo lake, na uvimbe, na tarehe. Mwalimu akashika kichwa.

"Sasa kile kikohozi chako," Fundi akamuuliza, "umekitoa wapi?"

"Si ndivyo tunavyoanza, Mzee?"

"Nani kasema?"

Mwalimu akatazama chini. Akasema sauti yake haina uzito. Akisali kwa sauti yake anajisikia kama anaita mahudhurio ya darasa, na wazee watamwona mtoto. Akikwaruza kidogo, watu wanatulia.

Fundi hakubishana naye. Alimpa ncha ya kitambaa aivute huku yeye anagonga misumari, wakaanza kuongea habari za kawaida, za shule, za mvua. Mara Mwalimu akasema, "Mzee, nipe hiyo nyundo nikusaidie upande huu."

"Hapo hapo!" Fundi akapiga kelele mpaka nikajikata kidole. "Umeniomba nyundo kwa sauti gani?"

"Ya... ya kawaida."

"Na nimekupa, sijakupa?"

"Umenipa."

"Basi."

Ungedhani yaliishia hapo. Thubutu! Jumamosi ile Mwalimu alisali kwa sauti yake kwa muda wa kumeza mate, kisha akamtazama Fundi. Fundi hakumwitikia kwa kichwa. Mwalimu akatishika, akarudi kukwaruza. Ndipo tulipogundua tatizo la pili. Watu wote pale, wakitaka kuimba, wanamtazama kwanza Fundi. Wakitaka kukaa, wanamtazama Fundi. Hata Mwalimu alipotangaza zamu ya kufagia kanisa, macho yake yalikuwa kwa Fundi kuona kama amekosea.

Fundi akakata shauri. Jumamosi iliyofuata ilikuwa kwa Mama Sabuni. Fundi alisalimia watu, akawatakia heri, akaingia jikoni nilipokuwa nasaidia, akavuta kigoda na kuchukua kisu.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza.

"Namenya viazi."

Nilicheka kimya kimya mpaka mbavu zikaniuma. Mwenyekiti wa jumuiya anamenya viazi! Na anavimenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Upande wa pili wa ukuta tukasikia kimya kirefu. Watu wanangojana. Midomo ya Fundi ilikuwa inacheza, kisu kimesimama hewani. Nikamwona anataka kuinuka. Nikamshika mkono.

"Kaa," nikamwambia. "Ukiingia tu, umeharibu."

Akakaa. Akakikandamiza kisu mpaka kiazi kikapasuka vipande viwili, na hapo ndipo nilipojua huyu mwanaume anaacha kitu kikubwa kuliko sauti. Nampenda sana, na sijui kama nilishawahi kumpenda kama pale, na maganda ya viazi magotini.

Baada ya kimya kile sauti nyembamba ikaanza. Ilitetemeka, ikakatika, ikaanza tena. Mwalimu akasahau kuwataja wagonjwa, Mama Sabuni akamkumbusha kwa sauti yake ile ya sokoni, watu wakacheka, wakaendelea. Fundi alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Viazi tulikula vidogo siku hiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi nyumbani na tundu shingoni, amelifunika kwa kitambaa chepesi cha pamba nilichomshonea. Anapopumua panatoka mlio. Mimi niliuzoea upesi, ni pumzi ya mume wangu na bado inatoka, nataka nini zaidi? Yeye hakuuzoea. Akitaka kitu ananiandikia kwa chaki ya kuchorea vitambaa, kwenye ubao wa kochi lolote lililo karibu. Mtu akibisha hodi, anaingia chumbani. Wateja niliwapokea mimi. Jumuiya iliendelea kukutana na habari nilizipata kwa Mama Sabuni, kwamba Mwalimu anajitahidi, kwamba kuna siku waliimba wimbo mmoja mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Nilipomsimulia Fundi alisikiliza, akageukia ukuta.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yetu, na Padri akatuma ujumbe kwamba Jumamosi hiyo ndiyo anakuja.

Fundi aliandika kwenye ubao: *Mimi nitakaa chumbani.* Sikubishana. Lakini Mwalimu alifika mapema, akasema shikamoo mama, akauliza Mzee yuko wapi, akapita moja kwa moja mpaka chumbani bila kungoja jibu. Sijui waliongea nini, maana aliyeongea ni mmoja. Walitoka pamoja. Fundi alikuwa amevaa shati lake jeupe, kitambaa kimefungwa vizuri shingoni, macho hayataki kukutana na yangu. Akakaa kwenye kona. Watu wakaingia, wale bibi na fimbo zao, Padri nyuma yao.

Mwalimu akaongoza kwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba vile vile, ila safari hii hakuitolea samahani. Wagonjwa aliwataja wote. Mtu mmoja alianza kulalamika habari za zamu ya usafi, Mwalimu akamwambia, "Hilo tutalimaliza baada ya sala, tafadhali," na yule mtu akanyamaza. Hakumtazama Fundi hata mara moja. Nilikuwa namwangalia Padri usoni, nikaona amelegea, nikasema moyoni, tumepona.

Hapo Mwalimu akasema, "Sala ya kufunga atatuongoza Fundi."

Weee! Damu yote ilinipanda kichwani. Nilitaka kumrukia yule kijana. Hivi amesahau? Mtu hana sauti, unamsimamisha mbele za watu, mbele ya Padri, aibu ya nini hii? Padri mwenyewe alikunja uso. Mama Sabuni akanishika bega kwa nguvu. Mwalimu alikuwa amesimama tu, ameinamisha kichwa, anangoja.

Fundi alikiweka sawa kitambaa cha shingoni. Halafu akasimama.

Akanyoosha mikono yake, ile mikono yenye makovu ya misumari, na midomo ikaanza kwenda. Hakuna neno lililosikika. Tulisikia pumzi yake tu, inaingia na kutoka pale shingoni, ule mlio aliokuwa akiuficha kwa watu. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesogea. Wale bibi walikuwa wamefumba macho na wanaitikia kwa vichwa, kana kwamba wanasikia kila neno, na labda walisikia. Nilimwona anawataja watu, maana macho yake yalikuwa yakifunguka na kupita kwa mmoja mmoja, akafika kwangu akakaa hapo kidogo. Kisha akashusha mikono.

"Amina," akasema Mwalimu, na sote tukaitikia.

Padri alifuta miwani yake muda mrefu. Akauliza, "Jumamosi ijayo mko wapi?"

"Kwa Mama Sabuni," Mwalimu akajibu. "Mimi nitasoma. Kufungua sala ni zamu ya Fundi."

Padri akasema basi, jumuiya ina mtu wake, wale bibi wabaki hapa hapa. Akataka kuinuka, kochi likamkatalia, watu wawili wakamvuta.

"Fundi," Mama Sabuni akasema kwa ile sauti yake, machozi bado yanamtiririka, "kwangu usije ukaomba ndefu hivyo. Chai itapoa."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, bila sauti, mabega yanaruka, ameshika goti la Mwalimu asianguke. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali. Nikaingia jikoni nikalia mpaka nikatosheka, kisha nikaosha vikombe.