Malipo ya Nungunungu

Juzi saluni Mafinga, msusi alipokuwa akinigawa nywele kwa mkia wa kitana, nilimkumbuka baba amechuchumaa kwenye mtego wake wa nguruwe pori, kule Igowole. Viazi vya chambo vilikuwa vimeliwa tena. Kwenye udongo ulionukia mvua, baba aliokota mwiba mrefu, mweusi kwa mweupe.

"Kumbe mwizi wetu ni nungunungu!"

"Ametuachia huo kulipia viazi?" niliuliza.

Baba alicheka. "Ndiyo, mama. Amelipa."

Jioni ile mama aliutumia kunigawa nywele, akanisuka. Tangu hapo, kila viazi vilipoliwa, nilikuta mwiba mwingine palepale.

Asante, baba. Hakuna nungunungu anayeacha mwiba unaonukia sabuni ya kufulia.