Maelezo Ambayo Kompyuta Haiyasomi

Mimi na mwenzangu tulijifunza kuandika programu ukubwani, kwa vitabu vya kuazima, katika ofisi ndogo ya mtaa wa Soweto, Mbeya. Kazi yake kubwa ilikuwa programu ya kupanga zamu za maji kwa wakulima wa mpunga wa Rujewa. Juu ya kila kifungu cha programu aliandika maelezo kwa Kiswahili, na chini akaacha mistari miwili mitupu, kama ukingo kati ya jaruba na jaruba. Kompyuta huviruka vyote hivyo. Nilimtania kwamba anaiandikia mashine barua. Alinijibu kuwa mimi ndiye nitakayeyahitaji maelezo hayo, maana nasahau hata nilipoweka kikombe.

Kisha akapata kiharusi. Akiwa bado amelazwa, bosi wetu aliyafuta maelezo yote na kuibana mistari. Programu ilifanya kazi vilevile, na bosi akaona huo ni ushahidi wa kutosha.

Mwenzangu alirudi akitembelea fimbo. Alipewa jaribio moja: arekebishe kosa dogo, la sivyo nafasi yake apewe mtu mwingine. Alikaa mbele ya faili lake asubuhi nzima bila kugusa kitu. Nikamwambia bosi kwamba ninayo nakala ya zamani, yenye maelezo, na kwamba haki ni kumjaribu kwa hiyo. Akakubali, shingo upande.

Niliichapisha, nikampelekea nyumbani. Mkewe alikuwa ameshapiga pasi shati la kazini na kulitundika mlangoni. Mwenzangu alisoma polepole, kwa sauti: "Usiguse hapa. Asubuhi ng'ombe wanakunywa kwanza, tulikubaliana na wafugaji." Akacheka. Akanisimulia kikao chote cha makubaliano hayo, nani aligomba, nani alisusa chai. Hakukosea popote. Nikaamini tumeshinda.

Nikamwonyesha mistari iliyo chini ya maelezo, ile ambayo kompyuta huisoma.

"Haya ya juu ni yangu," alisema. "Hayo ya chini sijui ni ya nani."

Nikaanza kumfafanulia alama moja moja. Alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni anayengoja maongezi yaishe. Kisha akamwita mkewe.

"Mama, hilo shati litoe mlangoni. Sirudi."

Shemeji hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi, akisubiri nipinge. Nikainama kukusanya karatasi.