Sadaka ya Vipande vya Tairi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Ilikuwa kiangazi, kumekucha, nami nimesimama mlangoni kwangu Nyamugari, hapa Gitega, natazama moshi wa majiko ukitanda juu ya mabati. Ulikuwa laini, wa buluu, unaelea polepole mpaka nyumba za mbali zikawa kama zinaogelea. Nikajisemea, mji wangu ni mzuri. Ujana nao!

Nilikuwa fundi wa viatu vya tairi kule Magarama. Mabaki ya tairi yana kazi yake: ukiweka kipande kimoja chini ya makaa, jiko linashika mara moja, hata makaa yakiwa yamelowa. Basi kila Ijumaa nilijaza gunia nikawagawia majirani bure. Niliita sadaka. Wajane waliniombea dua, na mimi, nisikufiche, nilipenda kuombewa. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Nami nilienda zangu kweli, sikugeuka kutazama.

Binti yangu Mariamu alikuwa na miaka miwili. Kifua chake kilikoroma, na akivuta pumzi mbavu zilibonyea. Muuguzi alimpa dawa, akapata nafuu, kikohozi kikarudi. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Mke wangu akampeleka kwa mama yake, Gasorwe, kule Muyinga.

Baada ya wiki tatu niliwafuata. Nilimkuta Mariamu anakimbiza mbuzi kwenye majani ya kilima, anacheka, hakohoi hata kidogo. Nililia pale pale njiani, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa, kwetu mama mkwe hamkaripii mkwewe usoni. Mke wangu alikuwa amemsimulia tunavyowasha jiko, na yule mama alikuwa na lake moyoni. Akampakata mtoto, akanigeuzia bega, akaongea na mtoto:

"Mwambie baba yako, huku uko unapumua muzuri, lakini ukirudi Gitega unakorota. Ugonjwa haiko ndani yako, iko ndani ya jiko ya kwenu. Tairi ni ya kuvaa, haiko ya kupikia."

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nakikata kwa kisu changu mwenyewe.

Nikarudi Nyamugari, nikapita mlango kwa mlango kuomba sadaka yangu irudi. Wengine walinicheka. Bi Zaituni, mjane aliyeniombea kuliko wote, alinirudishia vipande kwa mikono miwili, akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ni hii?" akasema. "Mi nilizania ni uzee tu."

Mwanangu, usichome tairi wala plastiki, hata ukiwa na haraka ya chai. Washa jiko uwanjani kwa vijiti vikavu, na mtoto akae mbali na moshi. Akikohoa mpeleke kwa muuguzi, kisha tazama na hewa anayovuta nyumbani. Na ukimpa mtu kitu, rudi siku nyingine uone kimemfanya nini, maana anayepewa bure huona haya kulalamika. Mungu akufungulie kifua, na wanao wawe na pumzi ndefu mpaka siku watakapokubeba wao kwenda kukuzika. Amina.