Baba Aliyelishwa Ndani

Baba hakuwa na tusi kali kuliko hili: "Yule anakula ndani." Kwetu Nyahanga wazee wa rika lake walikula nje, sinia moja la ugali na majirani, na mpita njia alikaribishwa hata kama mboga ilikuwa mlenda wa jana. Aliyejifungia na chakula chake, kwa baba, hakuwa mtu wa kusalimiwa.

Siku moja nilimsindikiza Ushirombo kumjulia hali rafiki yake wa ujanani. Tulimkuta kitandani, mpira puani, akilishwa uji kwa bomba la sindano.  Tuliporudi na kushuka Kahama, baba akanishika bega. "Mayu, binti yangu, mimi msije mkanifanyia vile. Siku nikishindwa kumega tonge na wenzangu, niacheni." Nikamjibu, ndiyo, baba. Hakuna mwingine aliyesikia.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumnyang'anya sauti. Akawekewa mpira puani. Wiki zikapita na kumeza hakukurudi, daktari akatuita. Tuchague: atobolewe tumbo aishi na mpira wa kudumu, au tumrudishe nyumbani, alambishwe kile kidogo anachoweza, tusimsumbue tena. Muuguzi akauliza, "Mzee mwenyewe, alipokuwa mzima, aliwahi kusema lolote kuhusu mambo haya?"

Kaka yangu mkubwa, mnunuzi wa dhahabu kule Geita, alijibu kabla sijafungua mdomo. "Baba hawezi kufa njaa mimi nikiwa hai. Watu watatuonaje?" Kisha akanigeukia. "Au wewe umeshachoka kumuuguza?"

Hapo ndipo aliponiweza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, nikimwogesha, nikimfulia. Ningesema alichoniambia baba, ningeonekana nimejitungia ili nipumzike. Nikasema sijachoka. Muuguzi akanitazama, kisha akafunga faili.

Baba akatobolewa. Kaka akanunua pazia zito la mlango wa chumbani, maana hakutaka wageni wamwone mzee katika hali ile. Wazee wenzake wakija, niliwaambia wasubiri kwanza, mzee anakula. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu huu: mzee anakula, ndani, pazia limeshushwa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na nguvu. Kila nilipoinua bomba aliushika mpira akauvuta, huku akinitazama usoni, na macho yale hayakuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Mara mbili aliung'oa kabisa, tukakimbizana hospitali. Mara ya pili kaka alinipigia simu kutoka Geita. "Si umfunge mkono? Kazi yako hapo ni nini?"

Nikachana kanga yangu, nikamfunga kwenye ubao wa kitanda. Machozi yakamtoka. Nikayafuta, nikaendelea kumimina uji. Nilimchukia kaka siku ile, na mwenyewe nikajichukia zaidi, lakini fundo nililikaza vizuri.

Aliishi hivyo miezi minane. Alipofariki, kaka alichinja madume mawili, na watu wakajaa mbele ya nyumba. Nilisikia wakitusifu kwamba tulimlisha mzee wetu mpaka mwisho. Kaka aliitikia kwa unyenyekevu, mtu angedhani yeye ndiye aliyeshika bomba.

Baba mdogo, aliyeongoza kumwosha marehemu, akatoka chumbani na kutuita pembeni. "Mkono wa kushoto una alama imezunguka pande zote. Ni ya nini?"

"Ya dripu," kaka akasema.

Baba mdogo hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa sababu alijua nani alikuwa akimuuguza. Kwa mara ya pili nikaulizwa habari za baba na mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na safari hii hakukuwa na lolote la kuogopa, baba alikuwa ameshakufa.

"Ya dripu, baba mdogo," nikasema. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono, akala nje na wenzake.