Siti Niliyoikalia Bunda

Inasemwa pale Bweri, na wanaosema hawajisumbui hata kushusha sauti ninapopita, kwamba nilimnyang'anya mkamwana wangu siti ya baiskeli. Nimeitumikia Serikali maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa katika masjala ya ofisi moja mjini Musoma, na sikuwahi kutoka mle ndani hata na pini ya karatasi isiyo yangu. Haiingii akilini kwamba mtu wa namna hiyo angesubiri astaafu ndipo aanze wizi, tena aanze na siti. Naandika basi ili jambo hili lijulikane lilivyokuwa tangu mwanzo wake, na mwanzo wake ni makalio yangu. Nimelitafutia neno hilo jingine lenye adabu zaidi na sikulipata.

Nilipostaafu, gari la ofisi lilibaki ofisini, kama ilivyo haki. Bodaboda nilizikataa. Sina ugomvi na vijana wale, wananisalimu vizuri. Ila sikuona sababu ya kumaliza uzee wangu nikiwa nimekumbatia mgongo wa mtu. Nikanunua baiskeli. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo na ambaye sasa miguu imemgomea, anakaa Buswahili, na Jumamosi zangu ni zake. Kwa baiskeli natoka ninapotaka, napumzika ninapotaka, na samaki ninayempelekea, sato, anafika akiwa bado anang'aa. Tangu nitoke ofisini, hiyo ndiyo safari pekee ambayo siombi ruhusa kwa mtu.

Baiskeli ile ilikuja na siti nyembamba, ngumu, yenye ncha mbele kama mdomo wa korongo. Muuzaji aliniambia ndiyo ya kisasa.

"Utaizoea tu, mzee."

Sentensi hiyo nimeichukia kuliko matusi. Mtu hauziwi kiatu kinachombana akaambiwa atakizoea. Lakini kwenye siti za baiskeli nchi nzima imekubaliana kwamba maumivu ni ya mnunuzi na kuzoea ni wajibu wake.

Sikuzoea. Nilianza kukaa kanisani kwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha wa kwanza tena, hata mzee wa kanisa akanifuata baada ya ibada kuniuliza kama mahubiri yalinigusa. Mke wangu hakuwa na shaka juu ya kilichonigusa.

"Mzee, unakaa kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema tulipofika nyumbani. "Watu wanatutazama. Sasa nisikilize. Siti ikiwa haijapatikana mpaka tukivuna mahindi, hiyo baiskeli nampa mdogo wangu wa Kamunyonge abebee maziwa yake. Wewe utapandaga bodaboda kama wazee wenzako."

"Na Buswahili?"

"Buswahili utakwenda wakija watoto wenye magari."

Mke wangu hasemi jambo ili kulijaribu. Mahindi yalikuwa yamekwisha kutoa mbelewele. Nikaanza kutafuta.

Fundi wa pale njia panda ya Bweri aliniuzia siti ya sponji, nene kama mkate. "Hii ni kochi, mzee. Utasinzia njiani." Kwa siku ya kwanza, nikienda sokoni na kurudi, nilimwombea baraka. Jumamosi, kabla sijafika nusu ya njia ya Buswahili, sponji ilikuwa imedidimia chini ya mifupa na kupanda katikati, mahali ambapo haikualikwa. Nilifika miguu imekufa ganzi, nikalazimika kumwamkia dada yangu nikiwa nimeshikilia mlango.

Shemeji yangu wa Kamunyonge, yule yule wa maziwa, aliniazima siti yake ya ngozi ya zamani, kwa ukarimu ambao sikuuamini sana. Ilikuwa siti nzuri. Kosa lake lilikuwa moja: kwa miaka mingi ilikuwa imekwisha kuchukua umbo la shemeji. Nilipoikalia nilijiona kama mgeni aliyelazwa kwenye kitanda ambacho mwenyewe bado yumo.

Kuanzia hapo nikawa naomba. Nikiona baiskeli imesimama dukani au nje ya kanisa, namtafuta mwenyewe, namsalimu, najieleza, kisha nasema, "Ndugu, naomba nikalie kidogo." Hakuna siti niliyoikalia bila kuomba. Kamunyonge walinipa jina.

"Mkaguzi huyo!" walipiga kelele wakiniona. "Pangeni siti zenu, mkaguzi amefika!"

"Mzee, ya kwangu umeipitisha?"

"Imekataliwa," nilimjibu mmoja. "Pua yake inaangalia mbinguni."

Wacha wacheke. Nilijifunza ambayo muuzaji hakuyajua. Mtu hakai juu ya nyama, anakaa juu ya mifupa miwili, na siti ikiwa nyembamba kuliko nafasi iliyopo kati ya mifupa hiyo, hata iwe ya hariri, itamtesa. Siti laini mno humsaliti mwenye safari ndefu. Anayeendesha ameinama kama anayekimbiza mwizi anaweza kuivumilia nyembamba. Mimi naendesha nimenyooka, kama nilivyokuwa nikikaa mezani pangu, kwa hiyo ninahitaji siti pana nyuma, imara juu, yenye springi chini, na pua isiyonyanyuka. Nilijua ninachokitaka kwa ukamilifu. Musoma nzima sikukiona. Mahindi, wakati huo, yalikuwa yameanza kukauka majani.

Ndipo nilipopanda basi kwenda Bunda, kwenye maduka ya vipuri, nikafikia kwa mwanangu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali anaweza asilijue. Kwetu, baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Chumba chake siingii. Kitanda chake sikitazami. Kiti anachokikalia yeye mimi sikikalii, wala yeye hakalii changu. Sisi ni Wakristo, tunasali kila Jumapili, lakini heshima hiyo hatukuivua mlangoni mwa kanisa. Mkamwana wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, amelelewa vizuri mno katika mambo haya. Anaponisalimu hupiga goti mbali kidogo, na macho yake hayapandi juu ya vifungo vya shati langu.

Nilifika mchana. Mwanangu alitoka kwenda kununua soda, mkamwana akawa jikoni. Nikabaki uani, ua ambao wanautumia pamoja na mpangaji mwenzao, mama mmoja aliyehamia kikazi kutoka mbali. Mama huyo alikuwa kibarazani kwake akichambua mchele. Na ukutani palikuwa pameegemezwa baiskeli ya kike.

Niliiona siti kabla ya kuiona baiskeli. Pana nyuma. Springi mbili nene. Pua imetulia, inatazama mbele kama mtu mwenye nia njema. Safari iliyopita mkamwana wangu alikuwa akienda shule kwa miguu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kufikiri kwamba baiskeli ile ni ya mtu mwingine zaidi ya yule mama. Nilimkaribia kwa utaratibu.

"Mama, samahani. Naomba nikalie baiskeli hii kidogo."

"Kalia tu, baba," alisema bila kuacha mchele wake. "Haiumi hiyo."

Hilo naomba lizingatiwe. Ruhusa niliiomba, na ruhusa nilipewa. Kwamba niliiomba kwa mtu asiyehusika ni suala tofauti.

Nikakaa. Sijui nilieleze vipi. Ile mifupa miwili, iliyokuwa ikihangaika tangu nistaafu, ilipokelewa. Nilizunguka uani mara moja, nikapita chini ya kamba ya nguo, nikazunguka tangi la maji, na nilipopita penye kokoto springi zilinong'ona tu. "Ndiyo hii!" nilisema kwa sauti. "Ndiyo hii hasa!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mkamwana alitoka na beseni la vyombo, akaniona, akageuka haraka akatazama ukuta.

"Baba," aliuambia ukuta, "hiyo... hiyo ni yangu."

Wakati huo huo mwanangu akaingia na soda. Alisimama, akanitazama mimi, akatazama mgongo wa mkewe.

"Mzee! Umekalia siti ya mkweo?" Kisha akacheka, mtoto niliyemsomesha, hata chupa zikagongana mkononi.

"Kwani kuna nini?" aliuliza mpangaji. "Siti si siti?"

"Mama, ungekuwa mtu wa huku ungeshakimbia."

Nilishuka. Namna nilivyoshuka haina umuhimu katika maelezo haya.

Kesho yake mkamwana alikwenda shule kwa miguu. Nilijiambia ni kwa ajili ya siku ile tu. Nikarudi Bweri bila siti, kwani kila niliyoishika dukani niliiona pacha wa korongo. Baada ya siku chache mwanangu akapiga simu, na safari hii hakuwa akicheka.

"Baba, haipandi. Anasema haikaliki tena. Nimemwambia tutaiosha, tutaiombea, amekataa. Anatembea na jua lote hili na madaftari ya watoto kichwani."

Basi nilikuwa nimeipata siti, na sikuweza kuigusa kwa kuwa ni yake. Na yeye hakuweza kuigusa kwa kuwa nimeikalia mimi. Ilikuwa imekaa Bunda haina mtu. Mpangaji naye, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuelezwa kila kitu, alikuwa akiwaeleza wengine, na huko ndiko uvumi ulikoanzia.

Jumamosi nilipanda juu ya mdomo wa korongo nikaenda Buswahili kumwuliza dada yangu. Yeye ni shangazi wa mwanangu, na katika mambo ya ukwe neno la shangazi halikatiwi rufaa. Alisikiliza huku akipapasa sato kama yu mbichi.

"Ulipoambiwa ni ya mkweo, ulishuka?"

"Nilishuka papo hapo."

"Ukiwa umeshaifurahia?"

Nilimheshimu kwa kusema kweli. "Nilikuwa nimeifurahia."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Wewe na vyeo vyako, umesahau ya babu? Babu alikalia kigoda cha mke wa mwanawe, kwenye sherehe, watu wote wakiona. Alirudi nacho nyumbani amekibeba. Kiti alichokikalia mkwe hakirudi kwa mwenyewe, kinakwenda na aliyekikalia. Chukua siti yako. Yeye umpatie mpya, nzuri kuliko hiyo."

"Dada, kuliko hiyo hakuna."

"Basi itafutwe. Na usiichague wewe! Utamwuliza mkweo maswali gani, mdogo wangu, ya mifupa?"

Kulikuwa na mfano uliotangulia. Mtu wa masjala akipewa mfano uliotangulia haombi zaidi.

Mke wangu akaenda Bunda. Yeye na mkamwana walizunguka maduka ya vipuri karibu siku nzima, wakafika hata kule ambako mimi nilikata tamaa, na siti ikapatikana. Nilipomwuliza walitumia kigezo gani, alinijibu kwamba hayo hayanihusu. Siti ya zamani aliileta mwanangu, imefungwa kwenye gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili na uso mzito ambao najua ulikuwa ukizuia kicheko. Nilikaza nati mwenyewe. Jumamosi nilikwenda Buswahili na kurudi, na dada alipotaka kunishikia mlango nilimwambia aketi tu.

Jumapili nilikaa kanisani nimenyooka kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka. Mke wangu alinitazama kwa pembeni wakati wa matangazo.

"Mdogo wangu atafute baiskeli yake," alisema.

Tulivuna wiki iliyofuata.

Nimekwenda Bunda tena hivi karibuni. Baiskeli ya kike ilikuwa pale pale ukutani, na siti yake mpya ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kichwa, kimezungushwa chini ya springi na kukazwa fundo la nguvu. Nilimwuliza mpangaji kama siku hizi wanaogopa mvua.

"Hapana, baba," alisema. "Hufungwa ukisikika unakuja."

Nimelipokea hilo bila kinyongo, kwani ni utaratibu, na utaratibu naujua. Siti hiyo sikuikalia wala sikuomba. Niliibonyeza tu kwa kidole gumba, juu ya kitambaa, nilipokuwa nikipita kwenda kunawa. Ni pana nyuma, imara, na springi zake, nakiri, ni nene kuliko zangu.