Shamba Lililokuwa Likipumzika

Mama mkwe wangu aliacha kulima sehemu ile udongo ulipochoka, na kabla hajafa aliniambia nisiiguse mpaka miti ya mikole inenepe kama kifundo cha mkono. Ndivyo tulivyopima sisi. Ardhi ikichoka unaiacha. Zinaanza kuota nyasi za kuwasha, halafu mkambala, ule wenye miiba inayokushika nguo usiende, halafu mkole. Mkole ukinenepa, ardhi imepona. Unakata fito za kujengea, unalima uwele.

Nilisubiri miaka kumi na mitatu. Nilikuwa mjane, na shamba lile nilimwekea kitinda mimba wangu, maana kaka zake walishagawana kwingine. Alikuwa amechumbia. Tulisema mvua ijayo tutafyeka.

Ilikuwa miaka ile kila kitu ruksa. Mitumba imejaa mnadani, wenye fedha wanatafuta ardhi kuanzia Nzuguni kuja huku kwetu. Asubuhi moja akaja mpimaji na pikipiki, yuko na mtendaji wa kijiji. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama. Nikamuuliza kwao, akasema Tabora.

“Kumbe mtani wangu! Umekuja kuiba kuku?”

“Kuku wa Wagogo? Mifupa mitupu! Nimekuja kuangalia hivi vichaka vyenu.”

Basi nikamtembeza. Mpaka leo sijui nilitaka sifa ya nini. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini miti ile naijua yote, na hapo alikuwepo mtu wa ofisi anaandika kila ninachotamka. Nikamwambia huu mgunga, huu mtundwi, ule pale mtonga, tunda lake usile bichi. Nikachota udongo nikamtilia kiganjani, huu mchanga wetu tunauita isanga, karanga zinaupenda. Ule mwekundu ukikauka ni tofali. Kule chini ni chumvi, mbuzi wanalamba tu wanaondoka. “Lakini hapa,” nikampigia mguu chini, “hapa penye mikwaju, chimba kimo cha mtu utakuta unyevu hata kiangazi.”

“Na hapa mnalima lini?”

“Hapa? Hapajaguswa miaka kumi na mitatu!” Nilisema kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyenona.

“Wagogo kwa uvivu! Hata ardhi yenu inalala! Basi mimi naichukua.”

“Chukua, mtani, ulale na swila humo.”

Tulicheka, mtendaji naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Kwetu mtani anaweza kukukamatia kuku akaenda naye, na wewe siku nyingine ukamvua shati. Shamba halichukuliwi. Akanipa wino nikatia dole gumba kwenye karatasi, nikidhani ni la kuonyesha kwamba amefika.

Mvua za kwanza zilikuja pamoja na trekta. Tajiri wa mjini alitaka kupanda mizabibu. Nilikwenda ofisini kwa mtendaji nikiwa na jembe mkononi, sikujua hata kwa nini nimelibeba.

“Mama, si ulisema mwenyewe halilimwi?” akaniuliza. “Limeandikwa pori.”

“Lilikuwa linapumzika.”

“Kwenye fomu hakuna mahali pa kupumzika. Halafu ulimwambia achukue, mimi nasikia.”

“Ule ulikuwa utani! Na wewe si ulicheka?”

“Nilicheka,” akasema. “Lakini dole ni lako.”

Wazee waliokuwa kwenye benchi walitazama miguu yao. Wote waliwahi kupumzisha mashamba, wote walimjua mama mkwe wangu.

Waya ulizungushwa palepale nilipopiga mguu. Wala hawakuhangaika kutafuta. Ule mwekundu mgumu waliuacha, na ardhi ile ya chumvi wakaniachia mimi. Mwanangu alijaribu kulima pale msimu mmoja, uwele ukamfika magotini ukakauka. Wakwe hawakungoja msimu wa pili. Akaenda kukata mkonge Morogoro, akaoa hukohuko. Siku anaondoka hakunigombeza. Alisema, “Mama, ulimtembeza,” akajitwisha begi lake.

Mwaka jana alikuja binti wa chuo na daftari, ana adabu, ananiita bibi. Wamemwambia mimi ndiye ninayejua majina. Kwenye ukingo wa waya umebaki mkole mmoja, akanionyesha.

“Bibi, huu unaitwaje?”

“Sijui.”

“Na ule wa miiba?”

“Sijui, mjukuu wangu.”

Akanishukuru, akaandika.